Molekuli ya Papa Bahati

Vijana wa kanisa letu hapa Missouri City, pembeni mwa Houston, hasa wale wanaosomea mambo ya sayansi, hawachoki kuniuliza. "Shosho, si tulisikia ulitengeneza dawa ya flu?" Mimi bibi yao huwajibu kwamba sijui, nao hucheka wakidhani ninajishusha. Mtu wa Machakos hajishushi bila sababu. Nikisema sijui, maana yake sijui. Kazi hiyo niliifanya miaka mingi, niliipenda, iliniharibia mgongo na macho, na mpaka leo kuna mambo niliyoyaona kwa macho haya haya ambayo siyaelewi. Kwa hivyo kama mmekuja kutafuta siri ya mafanikio, mmekosea nyumba. Mimi nitawaeleza jinsi tulivyochanganyikiwa. Hilo ndilo ninalolijua vizuri.

Kazi yangu ilikuwa kupima. Wanakemia walitengeneza unga, nami nikaupima kama unaweza kuvizuia virusi vya homa ya mafua visiharibu seli. Sikuwa daktari wa kitu chochote. Nilikuwa na digrii ya zoolojia kutoka Nairobi ambayo hapa Texas ilinipatia kwanza kazi ya kuosha chupa, halafu baada ya muda wakaniruhusu kuweka kitu ndani ya hizo chupa. Kampuni ilikuwa ndogo, huko Richardson, pembeni mwa Dallas, kwenye jengo la matofali lililozungukwa na ofisi za watu wa simu. Miaka ile ya tisini kila mtu Richardson alikuwa wa simu. Ukisema unafanya kazi ya mafua, wanadhani unaumwa.

Seli tulizotumia asili yake ni figo la mbwa. Mbwa mwenyewe alikufa zamani, lakini seli zake zinaendelea kugawanyika katika maabara za dunia nzima, na bado zinataka kulishwa kila baada ya siku chache, hata kama ni Krismasi. Nilipomweleza mama yangu kwa simu kwamba nimepata kazi ya kulea figo la mbwa, aliuliza, "Na vile ulisoma hivyo vyote?" Nilimtumia picha nikiwa nimevaa koti jeupe, akatulia.

Sasa sikilizeni jinsi inavyofanywa, maana bila hivyo hamtaelewa kilichotupata. Unapanda seli kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo. Zinajitandaza chini mpaka zinakuwa zulia moja. Unaweka virusi juu yake, unangoja kama saa moja viingie ndani ya seli. Kisha unafunika kwa jeli ya mwani ili virusi visitangetange. Baada ya siku chache unaitoa jeli na kumwaga rangi ya zambarau. Palipo na seli hai pananyonya rangi, na pale virusi vilipoua seli panabaki tundu jeupe. Dawa ikiwa nzuri, matundu ni machache. Ikiwa mbaya, unapata chandarua.

Hiyo jeli ndiyo iliyowatoa machozi wageni wote wa kazi. Ikiwa ya moto, inapika seli. Ikipoa kupita kiasi, inaganda chupani na unamwaga mabonge. Vipimajoto vilikuwepo, lakini aliyenifundisha alinionyesha kuiweka chupa upande wa ndani wa kifundo cha mkono, vile mama anavyojaribu maziwa ya mtoto. Ukiweza kuivumilia bila kukunja uso, mwaga. Nimeona watu wenye shahada tatu wakipika seli kwa kuamini kipimajoto kibovu, na nimejiona mimi nikizipika kwa kuamini mkono uliotoka kwenye baridi. Hakuna njia isiyokosea, ndugu zanguni, kuna tu kuwa macho.

Huyo aliyenifundisha alikuwa mama mzee wa Waco, mkavu kama kuni, mdomo mkali kuliko wangu. Maisha yake yote alikuwa amepima kingamwili, wale walinzi wa damu wanaokikamata kirusi kabla hakijaingia ndani ya seli. Utaratibu wake ulikuwa huu: changanya virusi na dawa, weka juu ya seli, ngoja saa moja, osha mara mbili, funika kwa jeli safi. Kuosha kwake ilikuwa kama kuosha mchele, mpaka maji yawe maji. Nilimwogopa na nilimpenda. Alipostaafu aliniachia chumba chake, kiti chake, na utaratibu wake, na mimi niliushika kama amri za Musa.

Mwanakemia wetu alikuwa Papa Bahati. Huyu alikuwa Mkongo wa Bukavu aliyesomea Ubelgiji mpaka akawa daktari wa kemia. Mrefu, mpole, shati limepigwa pasi hata Jumamosi. Tulimwita kwa jina la binti yake mkubwa, kama ilivyo kwao na kwetu. Mbele ya wakubwa nilimwita Doctor. Tukibaki wawili alikuwa Papa Bahati, na mimi Mama Mutheu. Nilimsemesha kwa Kiswahili changu cha Kenya chenye Kiingereza kila kona, akanijibu kwa chake cha Bukavu, chenye mais ya Kifaransa badala ya lakini na njo badala ya ndio, na tulielewana kuliko tulivyowahi kuelewana na meneja wetu. Meneja huyo tulimwita Bwana Buti kwa sababu ya viatu vyake vya ngozi ya mamba, ambavyo ulivisikia kwenye korido kabla hujamwona mwenyewe.

Papa Bahati alikuwa ametengeneza molekuli nyingi, na karibu zote nilizizika mimi. Lakini kuna moja tuliyoiita Tisa, kwa kuwa jina lake rasmi lilikuwa refu na liliishia na tisa. Alinieleza kazi yake wakati wa chakula cha mchana, akichora kwenye karatasi ya kupangusia mdomo. Virusi vya mafua vikishazaliana ndani ya seli hutoka nje, lakini hunasa kwenye ngozi ya seli, kwenye sukari fulani zinazonata. Kila kirusi kina mkasi mdogo wa kukata sukari hizo kijinasue, kiende kwa seli ya jirani. Tisa inaingia kwenye ule mkasi, inaubana. "Kidogo tu, Mama Mutheu, kiko kidogo sana," alisema, "mais kinashika." Mimi niliitikia kwa kichwa, nikaendelea na wali wangu. Hapo ndipo nilipopaswa kuuliza swali, na sikuuliza. Yeye naye hakuuliza. Tuendelee.

Kwenye chupa yenye mkasi peke yake, bila kirusi na bila seli, Tisa ilikuwa ajabu. Ilibana kila kitu. Papa Bahati alizunguka jengo lote akitabasamu kama bwana harusi. Kisha nikaipima kwenye seli zangu. Chandarua. Nikarudia. Chandarua tena, hata ukiongeza dawa mpaka iwe nzito kama shira.

Lazima mjue kwa nini jambo hili halikuwa la sayansi peke yake. Karatasi za Papa Bahati za kukaa Marekani zilitegemea kampuni. Kampuni ilikuwa imesema wazi kwamba Tisa isipothibitika, idara ya kemia inafungwa, na idara ikifungwa, yeye na mkewe na watoto hawana ruhusa ya kubaki. Miaka ile Bukavu ilikuwa vita juu ya vita. Mkewe alikuwa akitunza wazee kwenye nyumba moja huko Plano. Watoto walikuwa shule, na Bahati mwenyewe alikuwa anaelekea mwaka wake wa mwisho wa sekondari, anazungumza Kiingereza cha Texas utadhani alizaliwa kwenye shamba la ng'ombe. Yote hayo yalikaa juu ya matundu ya sahani yangu.

Wanakemia hawakuruhusiwa kuingia kwenye chumba cha virusi. Sheria ilikuwa hivyo, na ilikuwa sheria nzuri. Basi Papa Bahati alikuwa anakuja kusimama nje ya mlango wa kioo, mikono nyuma, na kuinua nyusi. Mimi nilikuwa ndani na barakoa na glavu, natikisa kichwa. Anaondoka taratibu. Kesho yake anarudi. Nilianza kuuchukia ule mlango.

Ungedhani basi, dawa haifanyi kazi, tufunge. Lakini Bwana Buti alikuwa amepeleka unga ule ule Houston, kwenye maabara ya kukodi iliyokuwa ikitupimia dawa kwa panya, na kabla ya kuwagusa panya wao waliupima kwanza kwenye seli. Majibu yao yalikuja: Tisa ni nzuri sana, endeleeni.

Tuliitwa ofisini. Bwana Buti aliweka majibu yangu huku, ya Houston kule, akasema mmoja kati ya hawa wawili hajui anachofanya. Alikuwa ananitazama mimi. Mimi nikitazamwa hivyo huwaka, na sijali ni nani. Nilimwambia kwamba nilikuwa nikipima mafua tangu yeye akiuza vifaa vya mafuta, na kama ana mkono bora kuliko wangu auvalishe glavu. Papa Bahati alikuwa ananikanyaga mguu chini ya meza, kwa heshima, lakini ananikanyaga.

Majuma yaliyofuata sitaki hata kuyakumbuka. Tulishuku maji. Tukabadilisha maji. Tulishuku plastiki ya sahani, umri wa seli, taa ya kabati la kioo tulimofanyia kazi ya virusi, hata jirani wa ghorofa ya juu aliyekuwa akipaka rangi. Bwana Buti aliniuliza kama ninapaka mafuta mikononi. Nilikuwa napaka mafuta ya nazi, mimi ni mtu, Dallas ina ukavu. Nikaacha. Ngozi ikapasuka kama udongo wa kiangazi, na sahani bado chandarua. Nilimwonyesha Bwana Buti vyote viwili, mikono na sahani, nikamuuliza anataka nini tena.

Na huko Houston kulikuwa na mtu aliyekuwa akijibu maswali yangu kwa faksi, kwa Kiingereza kilichonyooka, akitia sahihi kwa herufi mbili tu. Nilimwandikia kwa adabu kwamba huenda seli zake zimechoka. Akajibu kwa adabu kwamba huenda ni mtu wa Richardson aliyechoka. Tulikwenda hivyo mpaka siku moja nikakasirika, nikapiga simu. Mwanamke akaitika, akasema sentensi moja. Lafudhi ile ilikuwa ya Kisumu bila shaka yoyote. "Wewe ni wa wapi?" nikamuuliza kwa Kiswahili. Akasema, "Ati nani? Wewe ndiye unaniambia seli zangu zimechoka?" Kumbe tulikuwa tukitukanana kwa Kiingereza cha heshima, Wakenya wawili. Aliitwa Akinyi. Tulicheka, lakini hakuna aliyekubali kwamba yeye ndiye aliyekosea.

Kilichoniumiza zaidi ni Papa Bahati kuanza kujishuku mwenyewe. Alikuja maabara ya kawaida, akakaa kwenye stuli, mabega yameanguka. "Mama Mutheu, labda miye njo nimekosea. Labda unga wa hapa na unga wa Houston haviko kitu kimoja." Akaanza kuutengeneza upya tangu mwanzo, hatua kwa hatua, kazi ya wiki nyingi. Nusu akanipa mimi, nusu akapeleka Houston, kutoka kopo moja. Mimi: chandarua. Akinyi: safi. Sasa hapo hata mimi, na kiburi changu chote, nilianza kulala vibaya. Sikuwa najua nimwamini nani, na miongoni mwa watu nisiowaamini nilikuwemo mimi.

Nikasema naenda Houston mwenyewe, na seli zangu. Nilizigandisha, nikazitia kwenye sanduku lenye barafu kavu pamoja na kichupa cha Tisa, nikalifunga mkanda kwenye kiti cha mbele, nikashika barabara. Vijana, mkibeba barafu kavu kwenye gari, dirisha liwe wazi hata kama nje kuna baridi ya kukata masikio. Ile barafu haiwi maji, inakuwa hewa, na hewa hiyo ikijaa garini huna pumzi. Mimi nilijifunza karibu na Corsicana, kichwa kikigonga na barabara moja ikiwa mbili. Nilisimama pembeni, nikafungua milango yote, nikakaa kwenye nyasi mpaka dunia ikarudi mahali pake. Karibu na Huntsville askari akanisimamisha kwa spidi. Akachungulia ndani, akaona sanduku linafuka moshi, limevaa mkanda kama abiria. Akauliza ni nini. Nikamwambia ni seli za figo la mbwa na dawa ya flu. Akauliza kama hiyo dawa inafanya kazi. Nikamwambia inategemea, Houston inafanya, Dallas haifanyi. Alinirudishia leseni, akasema niende polepole.

Akinyi alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Alinikaribisha kwa samaki wa kukaanga aliowatoa nyumbani kwake hapa hapa Missouri City, tukala bila maneno mengi, tukaingia kazini kuziamsha seli zangu, zikachukua siku chache kujitandaza. Tulipanga hivi: seli zangu na seli zake, Tisa ile ile, virusi vile vile, tukae kabati moja, bega kwa bega, kila mmoja afanye vile anavyofanya siku zote, na mwenzake atazame. Ilikuwa kama kupika jikoni kwa mama mkwe. Tulichanganya sawa. Tuliweka sawa. Tulingoja saa moja sawa, tukipiga hadithi za shule ya bweni. Saa ikafika, nikainua sahani yangu, nikamwaga, nikaanza kuosha.

"Unaosha nini?" Akinyi akauliza.

"Naosha. Kwani wewe huoshi?"

"Naosha. Lakini hiyo jeli yako umetia dawa?"

"Dawa ya nini? Dawa imeshakaa humo saa nzima."

"Mimi huitia tena ndani ya jeli," akasema, "inakaa huko mpaka mwisho."

"Kwa nini?"

"Nilifundishwa hivyo."

"Na mimi nilifundishwa hivi," nikamwambia.

Tukabaki tunatazamana juu ya barakoa. Miezi yote ile, faksi zote zile, na hakuna kati yetu aliyeweza kusema sababu ya anachofanya. Yeye akasema njia yangu ni ya kizamani. Mimi nikasema njia yake ni ya kudanganya, maana ukiacha dawa humo siku zote si itaua hata kisichohusika. Sauti zilipanda mpaka mtu wa chumba cha pili akachungulia. Mwishowe tukavua glavu, tukaenda ofisini kwake, tukampigia Papa Bahati, tukaiweka simu ile ya kusikika na wote.

Nilimweleza kwa utulivu, hatua baada ya hatua. Kuchanganya, kuweka, saa moja, kuosha mara mbili, kufunika.

Papa Bahati akasema polepole, "Munaosha dawa yangu."

"Ndiyo, ni utaratibu," nikasema.

"Mama Mutheu. Tisa haizuie kirusi kuingia. Hata siku moja haikuzuia kuingia. Inakizuia wakati wa kutoka. Na kutoka ni kesho, ni kesho kutwa. Weye, kwa saa moja, unashamwanga dawa, njo unangoja."

Utaratibu wa yule mama wa Waco ulikuwa sahihi kabisa kwa kingamwili, maana hizo zinakamata kirusi mlangoni. Sisi tulikuwa na dawa ya aina nyingine, tukaipima kwa mkono ule ule. Na nikakasirika, maana mimi nikiaibika hukasirika. "Na wewe kwa nini hukuniuliza ninavyopima?"

"Na weye, kwa nini haukuniambia?"

"Ulikuwa nyuma ya kioo."

"Balinikataza kuingia," akasema, kwa upole ule ule. Akinyi ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha mtu aliyechoka, na sisi tukamfuata, mimi nikipangusa macho kwa mkono wa koti.

Hata baada ya hapo hatukuelewa mara moja. Siku chache baadaye, tulipomwaga rangi ya zambarau kwenye sahani za jeli yenye Tisa, niliona matundu mengi karibu sawa na mwanzo, nikasema haya, imeshindwa tena. Akinyi akasema tazama vizuri. Yalikuwa madogo kama ya ncha ya sindano. Kirusi kilikuwa kimeingia, kimeua seli yake ya kwanza, basi, hakikwenda kwa jirani. Mimi nilikuwa nimezoea kuangalia wingi wa matundu, na kazi ya hii dawa ilionekana kwenye ukubwa wa matundu. Kwa hiyo hata kama nisingeosha, pengine ningeiandika kuwa mbaya. Sijui. Hilo nalo sijui.

Mkitaka funzo, chukueni hili na mniache. Mtu akikufundisha jambo, muulize linafanya kazi kwa sababu gani. Akikasirika, muulize tena.

Jumapili iliyofuata Mama Bahati alitupikia sombe, yaani kisamvu, na samaki kwenye fleti yao ya Richardson, na Akinyi alipanda kutoka Houston makusudi. Bahati alikuwa akipita na sahani, akamuuliza baba yake kwa Kiingereza, "So we're staying?" Papa Bahati akamjibu kwa Kiswahili kwamba tuombe Mungu. Mtoto akasema, "That's not an answer," akaenda zake chumbani. Sote tulijifanya hatukusikia.

Panya wa Houston walipewa mafua, kisha Tisa. Waliotiwa puani walipona. Walionyweshwa mdomoni walikufa kana kwamba wamepewa maji. Papa Bahati alielewa upesi kuliko sisi: Tisa ilikuwa inapenda maji mno, haikuweza kupenya ukuta wa utumbo, ilipita tu ikatoka. Ilihitaji kuunganishwa na kipande kingine cha kuisaidia kupenya, halafu kikatike kikishafika kwenye damu. Jambo hilo linawezekana, alisema, linataka muda. Akaanza. Vipande vya kwanza vilikatika mapema mno, vya pili havikukatika kabisa. Nilikuwa napima siku ile ile anaponiletea, sasa natia dawa kwenye jeli kama mtu mwenye akili. Akinyi alikuwa ananipigia simu kila asubuhi kabla ya kazi kuuliza tumefika wapi.

Muda haukuwepo. Bwana Buti alirudi kutoka kwa wenye hisa akiwa amevua kofia. Alisema watu wanataka kidonge, na kampuni moja kubwa inakaribia kutoa kidonge, na hakuna atakayelipia unga wa kuvuta puani. Nitamtendea haki, sauti yake ilitetemeka. Idara ya kemia ikafungwa. Mimi niliachwa, maana wapimaji wanafaa kwa kila kitu. Nilikaa kwenye gari langu kwenye maegesho nikalia kwa hasira, nikijua kwamba zile wiki nyingi za chandarua ndizo zilizokuwa zikihitajika sasa.

Msiniambie ni kosa langu. Na tafadhali msiniambie si kosa langu. Nimeyasikia yote mawili, na hakuna linalonitosha.

Walihamia Montreal, kwa dada yake Mama Bahati, kwa kuwa huko Kifaransa kingewasaidia. Nilienda kuwasaidia kupakia lori la kukodi. Mama Bahati alinikumbatia, akanipa sufuria zake mbili ambazo hazikuenea. Bahati alikuwa tayari amekaa garini, masikio yameziba na muziki, hataki kuaga mtu, umebaki mwaka mmoja amalize shule na wenzake. Papa Bahati alinipa mkono, akaushika kwa mikono yote miwili. Alisema, "Bon, Mama Mutheu," yaani haya basi, akaenda kufunga mlango wa lori.

Kilipita kipindi kirefu. Kidonge cha ile kampuni kubwa kilikuwa kimetoka, kinaandikiwa watu hospitalini. Wakati wa baridi fulani, mimi nikiwa nimehamia huku Houston na kufanya kazi kwenye maabara ya akina Akinyi, simu ikalia. Ilikuwa Papa Bahati. Tuliulizana habari za watoto, za afya, za theluji. Sasa alikuwa anafundisha kemia kwenye chuo kidogo. Akaniambia Bahati alikuwa ameugua flu wiki hiyo, mbaya, homa ya kuweweseka, wakampeleka kwa daktari, wakapewa kile kidonge. Papa Bahati alikuwa ameangalia molekuli ya kidonge hicho jinsi ilivyo. "Inafanana na Tisa sawa dada yake," akasema. "Tofauti kidogo sana, Mama Mutheu. Kidogo."

Niliona kwamba nisipouliza siku hiyo sitauliza tena maishani. Nikamuuliza. "Papa Bahati, niambie ukweli. Kama nisingekuwa naosha, mngekuwa bado Texas?"

Nilisikia mlango ukifunguliwa upande wake, na nyayo, na mtu akikohoa kwa mbali.

"Mtoto analala sasa," akasema. "Homa imeshuka."